Ghala Nambari Tisa

Shangazi Peizhen anajipaka poda bila kioo,
simu ndiyo kioo. Taa ya duara
inamtia pete mbili nyeupe machoni.
Nje, Lanzhou imeganda; hata Mto Manjano
unapita polepole kama mtu mwenye deni.
Mimi nina gundi, nina makasi, nina kazi ya kupaza sauti:
"Zimebaki kumi! Zimebaki nne!"
Zimebaki mia sita. Nimezikalia.

Kamusi ya wadudu, bei ya bakuli la tambi.
Hadithi za watoto, nunua moja upewe mbili.
Mioyo myekundu inapanda kwenye skrini kama povu la sabuni,
na watu elfu tatu tusiowajua sura
wanauliza swali moja tu: mwisho ngapi?
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini methali hiyo haijawahi kulala ghalani kwetu.
Humu vyote vinajitembeza.

Saa sita na robo usiku, sijui kwa nini,
akainua kitabu cha kutengeneza saa za ukutani,
kile tulichohama nacho kutoka dukani,
jalada limeliwa na unyevu.
Mtu mmoja akaandika: "Soma kidogo."
Akasoma.
Akasahau bei.
Nikamwonyesha vidole, nikamwonyesha ubao,
nikakohoa kikohozi chetu cha hatari;
alikuwa ndani ya saa, kati ya meno ya gurudumu,
akieleza jinsi ya kusikiliza chuma kabla ya kukigusa.
Elfu tatu wakawa mia nane. Mia nane, arobaini.
Wakawa tisa.
Hata panya walikuwa kama wanafuata mstari.

Kisha mashine ya lebo ikaguna.
Oda moja.
Nikasoma anwani, nikaisoma tena:
Kichochoro cha Lisu, namba kumi na saba,
mlango nilioutia kufuli kwa mikono yangu
miaka minne iliyopita, shangazi akitazama pembeni,
akijifanya anatafuta funguo nilizokuwa nazo mimi.
Siku hizi pale wanauza chai ya maziwa.
Chini yake, maelezo ya mteja:
"Mleta mzigo auache kaunta, niko zamu hadi saa nne.
Saa ya ukutani tuliikuta humu. Haiendi."

Sikumwambia.
Nilikifunga kwa karatasi tabaka tatu badala ya moja,
na nyuma yangu sauti yake ilikuwa imesharudi sokoni:
"Haya wapenzi, wadudu! Zimebaki ngapi?"

Nikachelewa kujibu.