Mashine ya Kumi na Nne

Usiniulize ninazifanyia nini.
Nyumba yangu hapa Isevya haina zulia hata moja.
Sakafu ni saruji, uani mchanga,
na vumbi la Agosti halipigi hodi,
linakaa kitini kabla ya mgeni.
Hata hivyo ninazo kumi na nne,
mashine za kufyonza vumbi,
na chumba cha kuku kimehamia nje.

Ya kwanza nilipimiwa kwa kilo, kwa Ntunzwe wa vyuma chakavu,
kati ya rimu za baiskeli na sufuria zilizotoboka.
"Bomba la dawa ya tumbaku," alisema, "limepoteza mkono tu."
Nikaligeuza, nikaingiza kidole mdomoni mwake.
Pangaboi lilitazama upande wa pili.
Hili halikuumbwa kutema.

Basi ukitaka kuzijua, anza na plagi.
Pini za mviringo, nene kama vidole vya mtoto,
maana yake ni ya zamani kuliko soketi zote za mtaa huu.
Waya ukiwa umevikwa kitambaa usiuchomeke;
panya wameshausoma kabla yako.
Kibati cha namba ukikikuta, shukuru,
kisugue kwa limau na majivu, taratibu,
maana namba nazo huondoka na kutu.
Usipokikuta, nusa.
Plastiki nyeusi ya kale, ukiisugua kwa gumba,
inanuka kama duka la dawa lililofungwa.

Vichwa vyake ndivyo vilivyotawanyika.
Kile chembamba cha kwenye pembe za makochi
nilikikuta stesheni, mlinzi amekifanya honi.
Kile kipana Mama Mwasiti alikuwa anachotea unga wa muhogo
na hakukubali kuniuzia
mpaka nimletee kata ya bati, na kilo mbili za sukari,
na bado akaniita mwizi kwa mapenzi.
Binti yangu Nyamizi anasema, "Baba, wenzio wanakusanya mabati."

Ya kumi na nne ilitoka stoo ya nyumba ya wageni ya reli,
chini ya magodoro, haina magurudumu.
Sikuitambua kwa plagi wala kwa kibati.
Niliitambua kwa mpira wake:
umepasuka karibu na shingo, umefungwa kitambaa cha kanga,
mizunguko saba, fundo limefichwa kwa ndani.

Mama yangu, Kalunde, alifunga hivyo kila kitu.
Mpini wa jembe. Kidole changu. Mguu wa meza.

Kwetu alifagia ameinama, maisha yake yote.
Kule reli, saa mbili kila asubuhi, alisimama wima
akiisukuma mashine juu ya zulia la watu.
Jioni alirudi anaongea kwa sauti kubwa,
"LETENI MAJI," "NANI KAMALIZA CHUMVI,"
tukadhani ana hasira.

Siwezi kuapa. Wangapi wanafunga kwa kanga?
Nilifungua mfuko kidogo tu, kama unavyochungulia mtoto aliyelala.
Kifungo cha koti. Nusu ya tiketi. Ganda la karanga.
Na vumbi la kijivu, laini, la miaka isiyo na mwenyewe.
Nyamizi akaleta ndoo.
Nikamwambia airudishe.

Wiki nzima nilisuka mota, nikabadilisha waya na kaboni.
Ijumaa nikaiwasha. Nilikusudia kuhesabu hadi kumi;
sijui nilifika ngapi.
Kuku walikimbia, jirani alizima redio,
na bati zima la chumba likawa linaimba.

Nilipozima nikamwita binti yangu aje aone.
Akatokea mlangoni, mikono ina unga,
akaniuliza nimekasirika nini,
mbona ninapiga kelele.