Nukta ya Nyumbani

Ya kwanza ipo bado, chini, mbele ya Nguba,
mita sijui ngapi. Sambaza wanaijua.
Niliinunua kwa likelemba ya mama,
miezi saba akingoja zamu yake,
nikaimaliza kwa dakika kumi na moja.

Nabintu, shika telekomande, ila usiwashe.
Nisikilize kwanza.

Ilikuwa harusi ya Cirhuza.
Maharusi ndani ya boti, mwavuli mweupe,
tarumbeta mbili, kreti za bia.
Niliirushia kwenye sakafu ya chuma;
dira ikalalamika, nikazima sauti.
Ikapaa. Vigelegele.
Nami nikavimba kama andazi kwenye mafuta.

Baadaye shangazi mmoja alisema
ziwa nalo limedai mahari yake.
Mimi nilisema betri. Nilisema upepo.
Nilisema kiwanda, na aliyeniuzia, na aliyemuuzia.
Miaka miwili nilisema hivyo.

Ukweli ni huu:
betri ilipofika asilimia ishirini
nilibonyeza Rudi Nyumbani,
na ile droni, mtoto mtiifu, ikarudi.
Ikarudi pale hasa ilipoondokea,
haikukosea hata unyayo,
ikashuka taratibu, taa zikikonyeza,
juu ya maji matupu.
Boti ilikuwa imeshasogea mita mia tatu.
Nyumbani kulikuwa kumehama
na hakuna aliyeiambia.

Siku nyingi niliisimulia kama kichekesho.
Halafu nikaacha,
kwa sababu namfahamu mtu aliyerudi hivyo,
akifuata njia ileile, hadi penye mlango,
na mlango haukuwapo.

Basi kabla ya lolote, andika nyumbani upya.
Boti ikisogea, andika tena.
Usione haya kuandika mara kumi.

Na maji, usiyaamini kwa utulivu wake.
Ndege ina jicho tumboni, linatafuta sakafu;
juu ya ziwa linakuta mawingu,
linakuta tumbo lake lenyewe,
linadhani limetulia, kumbe linateleza.
Usishuke chini ya kimo cha mkaratusi,
hata mteja akikuomba povu na matone.
Mteja hatakuogelea.

Ikikugeukia uso, kushoto kwako ni kulia kwake,
kama kinyozi ndani ya kioo.
Hapo ndipo vidole hudanganyika.
Ukichanganyikiwa, achia. Achia vyote viwili,
itasimama hewani yenyewe kukungoja.
Mimi sikuijua neema hiyo;
mimi nilikuwa mtu wa kukaza.

Asubuhi kama hii upepo unalala,
lakini kule kati haulali kamwe.
Tazama pirogi za Idjwi:
wanakwenda kwa ubishi wakiwa na nguvu,
wanarudi wakisukumwa.
Nusu ya betri si nusu ya safari, Nabintu.
Kwenda ni bei moja, kurudi ni bei nyingine,
na ya kurudi hutajiwa ukiwa umeshafika.

Leo hatupigi harusi.
Leo ni chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja,
zile zinazosukumana kuelekea Ruzizi
kama watu kwenye mlango wa stadi.
Wanataka picha, mraba kwa mraba,
wajue ni kiasi gani, wajue zinaanzia wapi.
Zinaanzia kwetu, lakini piga picha.

Ikirudi, usiisubiri itue, boti inayumba.
Simama katikati, nyoosha mkono,
ikamate kwa chini, mbali na panga zake,
na usiangalie skrini tena; skrini imemaliza kazi.
Na jambo lingine, la muhimu kuliko yote,
ambalo hakuna aliyewahi kuniambia...

Akainua kidole kimoja, kwa adabu,
telekomande bado imezimwa kifuani pake.

«Yaya,» akasema, «samahani.
Kamba imefunguka.
Tunasogea.»