Ujumbe Umeingia kwenye Laini Yako

Ambakisye, serikali imekuandikia.
Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeikalia Isongole,
simu yako ikatetemeka kabatini
kati ya kitana na vidonge ulivyobakiza.
Ndugu mkulima, mbolea yako ya ruzuku iko tayari.
Namba ya siri, tarakimu sita.
Nilizisoma kwa sauti, kama zamani,
nikangoja useme, "Rudia."

Laini sijaifunga. Wamenisema sana.
Kila mwezi naitia mia tano
isije ikafa na yenyewe.

Daftari la kijiji bado ni lako:
ekari mbili na nusu, viazi na mahindi,
alama ya kidole chako.
Mtendaji alisema, "Mama, tutarekebisha msimu ujao."
Kana kwamba viazi husubiri muhuri.

Basi nilikwenda Kiwira nikiwa wewe,
nimevaa koti lako, mikono nimeikunja mara mbili.
Foleni ilitoka ghalani ikafika kwa fundi cherehani.
Mbele yangu Nsajigwa, karatasi yake mifuko minane,
na shamba lake unalijua, hata mbuzi hageuki.
Sikusema kitu.
Nami nilikuwa na jina la marehemu mfukoni;
ningemnyooshea nani kidole?

Kijana wa ghala akauliza, "Ambakisye ni wewe?"
"Mimi ndiye ninayelima."
Akanitazama. Akatazama kucha zangu.
Akabonyeza.

Mifuko miwili.
Mwaka ule ilikula mbuzi wawili,
safari hii mmoja, na nauli ya bodaboda.
Si haba. Panapostahili asante nitaitoa.

Halafu akaja bibi shamba mpya, Tulinagwe,
binti mdogo, buti za mpira zimemzidi.
Akachota udongo wetu akautia kichupani,
dawa ikageuka rangi ya chungwa.
"Mama, udongo umechachuka.
Kuupa mbolea hivi hivi ni kumpakulia pilau
mtu aliyevimba koo. Anza na chokaa.
Tia samadi. Na mabua msichome."

Nilitaka kucheka, nikakaa juu ya jembe.
Miaka kumi na minane, Ambakisye,
kiganja kizima kila shimo,
tukalaumu mbegu, tukalaumu mvua,
tukalaumu jirani na jicho lake.
Na wewe kila jioni na kiberiti chako:
shamba safi ndiyo sifa ya mwanamume.
Nisamehe. Mwaka huu sikuchoma.
Shamba limelala na mabua yake, chafu,
na chini yake, nikifunua, kuna nyungunyungu.

Sasa napima kwa kizibo cha soda.
Kizibo kimoja, shimo moja,
udongo kidogo juu yake, ndipo mbegu,
isiungue.
Sekela ananifuata na ndoo ya samadi, anaimba ovyo.
Chokaa bado sijaipata.
Ofisi hii inanituma ile, ile inanirudisha hii.
Nitakwenda tena Alhamisi.

Fomu ya kubadili jina nimeijaza.
Palipoandikwa "Sababu" nilikaa muda mrefu,
peni mkononi, mtendaji akipiga miayo.
Nikaandika: Amehamia shambani.
Akasoma, akataka kunisahihisha,
akagonga muhuri.

Migomba uliyolala chini yake
nayo nimeipa samadi. Kizibo sikutumia.