Pungufu

Daftari ni la shule, kurasa tisini na sita,
nyuma lina jedwali la kuzidisha,
jalada liling'oka, likashonwa kwa uzi wa gunia.
Mama Undisa kaniwekea mapajani Jumamosi,
mvua ikitoka Kaimosi kutujia,
akasema: "Si wewe unayesomea hesabu za watu?
Basi tusomee sisi kwanza."

Kule Kisumu, ukumbini, feni moja kati ya nne huzunguka.
Daktari Awuonda huchora ubaoni herufi T,
kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka,
"na kila senti, mabibi na mabwana, ina pacha.
Ukimwona mmoja, mtafute mwenzake."
Nimewatafuta mapacha hao usiku wa Kondele
juu ya meza ya kupigia pasi,
kwa kikokotoo cha kuazima ambacho saba yake
ikibonyezwa hairudi juu.
Karatasi ya kodi niliifeli. Sikumwambia mtu.
Niliilipia tena kwa kusuka nywele.

Sasa hili.
"Kadenge, kuku mmoja."
"Mjane wa Kisia, kuni, mzigo."
"Mwalimu Jumba, ahadi."
Nikauliza, ahadi huwa mnaiandika wapi, mama?
Akanitazama kama niliyeuliza mvua hulala wapi.
"Jumba anajulikana," akasema.

Kuku nikamtia bei. Kuni nikazitia bei.
Sufuria kubwa la chama, lililopikia matanga sita,
nikalipunguzia thamani, asilimia ishirini kwa mwaka,
Mama Undisa akacheka hadi akashika ubavu:
"Mwanangu, hilo kila mwaka linazidi kujua kupika!"

Zilizoingia: elfu kumi na nane, mia sita na arobaini.
Zilizotoka, turubai, mchele, sukari, misumari ya jeneza:
elfu kumi na saba na mia moja.
Kwenye kopo la majani ya chai: elfu moja na mia mbili.
Pungufu, mia tatu na arobaini.

Nikagawanya kwa tisa, labda tarakimu zilibadilishana viti.
Haikugawanyika.
Nikagawanya kwa mbili, nikasaka mia moja na sabini
iliyokaa upande usio wake.
Hakuna.
Hapo ndipo nilipoanza, Mungu anisamehe,
kuitazama mikono ya Mama Undisa.
Wizi, Daktari alitufundisha, hauanzi na milioni,
huanza na kitu ambacho mtu ataona haya kukiuliza.
Nami nikaona haya, na bado nikauliza.

Hakujibu. Alilamba kidole,
akabandua kurasa mbili zilizoshikana kwa uji,
na katikati, kwa penseli, mwandiko wake uleule unaopanda mlima:
"Imali. Nauli. Mtihani. 340."

Nilidhani nauli ile ilitoka kwa baba.
Baba naye alidhani imetoka wapi, sijui.
Ilitoka kwenye matanga ya Kisia,
kwenye kuni za mjane wake,
ikanipeleka Kisumu asubuhi ya baridi
kuifanya karatasi ya kodi.
Ile ile.

Nilikaa na kalamu hewani.
Ni matumizi? Ni mkopo? Ni mali,
na kama ni mali, huchakaa kwa asilimia ngapi?
Mwishowe niliandika jina langu kwa wino
chini ya ahadi ya Mwalimu Jumba.
Mama Undisa alisoma polepole, akaniomba kalamu,
akaongeza neno lake moja pembeni:
anajulikana.

Kisha mvua ikafika, tukakimbilia mahindi yaliyoanikwa.

Daftari limelingana. Nililala vibaya.
Jumanne nina usaili kwa wakaguzi wa Milimani,
nimeazima viatu, nimekunja barua isemayo
kwamba mimi ni mtu wa kufuatilia hadi senti ya mwisho.
Wataniuliza, huuliza wote,
kama nimewahi kupata kosa kwenye hesabu,
na lilikuwa la nani.