Nati ya Reli

Askari wa malkia alipotea mwaka upepo ulipoezua klabu.
Tangu hapo nafasi yake imekaliwa na nati ya reli,
yenye kutu, niliyoiokota mwenyewe Iyunga, swichi ya tatu.

Nilianza nayo. Hatua mbili, D nne.
Julai, Mbeya, saa nne asubuhi:
pumzi zetu zilionekana juu ya ubao
kama za ng'ombe wa Uyole alfajiri.

Subilaga, miaka kumi na saba, koti la kaka yake,
mikono imemezwa na mikono ya koti.
Kidole kimoja kilichomoza, kikasukuma askari
paji kwa paji na nati yangu.

Nikamtolea wa C. Chukua, binti.
Wengi huchukua. Mwalimu Kihwele alichukua mwaka juzi,
akashinda kutwa akimlinda kama kuku wa wizi.
Huyu hakuchukua.
Alisogeza wa E hatua moja, kama anayerudishia mlango
bila komeo,
akarudi ndani ya koti.

Nimepanga mabehewa miaka ishirini na tisa.
Shaba ya Zambia ikichelewa hupigi kelele:
unawasha taa, unakaa.
Nikawasha taa. Farasi, askofu,
ngome kila moja na njia yake.

Kama saa sita tukaanza kulana,
tok, tok, tok,
na nilipoinua macho nati ilikuwa peke yake katikati,
haina jirani kushoto, haina kulia,
mbele yake farasi mweusi
amesimama relini kama punda aliyegoma.

Ningeisukuma mapema. Hatua ya kumi na nane, nadhani.
Niliona, nikahesabu, nikaogopa,
nikauita woga wangu subira.
Sisi wenye mvi tuna majina mazuri ya kila kitu.

Hatua ya arobaini na moja ngome yake ikaila.
Hakuitupa kwenye boksi na wenzake.
Aliipima kiganjani.
"Nzito," akasema,
neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Treni ya mizigo ikapita. Vikombe vikalia,
ubao ukatetemeka, mfalme wangu akayumba.
Nikamlaza kwa mkono wangu
isije ikasemwa ni treni.

Nati aliondoka nayo, mfukoni mwa koti la kaka.
Sikuidai.
Jumamosi ijayo weupe ni wake.