Tutaonana

Jina hilo sikumpa mimi.
Alimwita hivyo Shemdoe, mpangaji wa kabla yangu,
akapakia godoro na redio
akaenda Handeni kwa wiki moja.
Huu mwaka wa nne.
Nilikuta mbwa na ufunguo, vyote viwili mlangoni.

Kopo la maziwa limejaa noti za Kigoma.
Ijumaa nazihesabu, nazikunja tena.
Nataka kuliona ziwa lisilo na chumvi,
nilale mji ambao hakuna anijuaye
kuwa ni Hoza, fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Mbili.

Bi Mwantumu kasema: Nenda.
Nitamsukumia ugali kwa ufagio,
ila asiniguse, nina udhu.
Bi Mwantumu hasemi uongo.
Lakini nani atamkuna pale nyuma ya sikio,
kupe walipomla?

Stendi nikauliza: mbwa analipa nauli?
Karani akacheka mpaka akavua miwani.
Kuku, sawa. Mbuzi, tutazungumza.
Mbwa!

Nimerudi. Begi liko wazi sakafuni
naye kalala ndani yake,
kidevu juu ya shati nililolipigia pasi.
Simfukuzi.
Kigoma haihami.
Yeye mvi zishamwota mdomoni.

Kila jioni nasimama kibarazani kumwita ale:
Tutaonana! Tutaonana!
Wapita njia wasionijua, juu ya baiskeli zao,
wananipungia mkono:
Haya bwana, safari njema!
Ahsante, naitikia,
nimeshika bakuli.