Meno Manane

Matairi niliyapenda kabla ya kuyapigia hesabu.
Inchi thelathini na moja, meusi, yenye kwato,
yameegemea ukuta wa gereji ya Nerys, pale Dolgellau,
nami nikakiona kijigari changu kikivuka matope ya Wales
kama karani aliyepandishwa cheo.

Kumbe nimemvisha mtoto viatu vya babake.

Injini lita moja na nukta tatu,
farasi sitini na watatu kwa mujibu wa kitabu,
na kumi kati yao, naapa, walishakufa.
Gia ya tano ikawa pambo.
Ya nne ikawa inasubiri upepo wa nyuma.
Spidomita ikajifunza uongo: yenyewe inasema arobaini,
barabara inasema arobaini na sita.
Na kila Jumanne, mlimani kwa mzee Idwal,
dawa zake za moyo zikiwa zimekaa kiti cha abiria,
klachi ilinuka ukoko.

"Injini haina kosa," akasema Nerys,
grisi imempanda hadi viwikoni.
"Umeirefushia hatua, hukuirefushia pumzi."
Akafungua difu, akanionyesha:
gurudumu la meno arobaini na moja
na kijana wake wa meno kumi na moja anayelisukuma.
Jozi mpya ilikuwa mezani, ndani ya karatasi ya mafuta.
Kubwa lina meno yale yale.
Dogo limepungukiwa matatu.

Nikacheka. Nimekua nikijua
anayeng'oka meno hupikiwa uji.
Hapa kibogoyo ndiye anayetafuna mlima.

Tukafanya ya nyuma, kisha ya mbele,
maana ekseli mbili zisizopatana
ni watu wanaobeba jeneza moja kwa mwendo tofauti.
Tukayapaka meno rangi ya njano,
tukazungusha kwa mkono, tukasoma alama
kama mpiga ramli na mchanga wake.
Limezama mno. Fungua.
Ondoa kibati chembamba kama ganda la kitunguu.
Funga. Zungusha. Bado.
Chai ikapoa mara tatu.
Yalipoumana sawasawa ilikuwa usiku wa manane,
meno manane, usiku wa manane,
nikacheka tena peke yangu,
na Nerys akaniangalia, spana mkononi,
nami sikuwa na namna ya kumfasiria.

Sasa kwenye barabara kuu injini inalia
kama birika lililosahauliwa,
na malori ya maziwa yananipita, madereva wakipunga.
Sawa. Nguvu hazikuongezwa, ziligawanywa upya;
nilichopewa mlimani nimekatwa tambarare.

Jumanne nikapanda kwa Idwal, gia ya pili,
bila kukanyaga klachi, bila kusali.
Kondoo mmoja alinitangulia, hana haraka yoyote.
Mvua, mawe, lango.
Mzee hakuwa mlangoni kama kawaida.
Nikagonga. Akatoka na soksi moja mguuni.
"Nilidhani huji," akasema.
"Leo sijasikia harufu yako."